Lugha za Matangazo ya Kikundi: Ipi Ibaki, Ipi Iondoke

Matangazo ya vikundi vya kijamii katika Bondo, Kaunti ya Siaya, hutolewa kwa lugha tatu: Dholuo, Kiswahili na Kiingereza. Kamati ya ufuo wa uvuvi, chama cha kuweka na kukopa, kamati ya maji, wazazi wa shule, wote hufika mahali wakawa na nakala tatu za jambo moja: kwenye ubao wa banda la samaki, kwenye kundi la WhatsApp na kwenye ujumbe mfupi wa simu. Mwanzoni kazi huonekana nyepesi kwa sababu yupo kijana mmoja mwenye moyo wa kutafsiri. Baada ya miezi kadhaa kijana huyo hupata ajira Kisumu, nakala ya Dholuo hubaki nyuma, na mkutanoni mtu huuliza: kuna haja gani ya kuendelea na lugha zote hizi?

Swali hilo likiulizwa hivyo, kwa lugha, huzaa ugomvi tu. Wazee huona wanatupwa, walimu na wageni huona wanabaguliwa, na katibu huona anaongezewa mzigo. Linajibika vizuri zaidi likiulizwa kwa aina ya tangazo: tangazo hili lisipoeleweka, nani anaumia, na kwa kiasi gani?

Kila lugha ina kazi yake

Dholuo ni lugha ya nyumbani, ya ufuoni na ya sokoni kwa watu wengi wa Siaya. Tangazo likisemwa kwa Dholuo humfikia bibi anayeanika omena (dagaa) Usenge bila kupitia kwa mjukuu wake.

Kiswahili kina kazi nyingine. Upande wa Kenya ni takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, lakini samaki na wavuvi hawajui mpaka. Kisiwani Mageta hufika watu kutoka visiwa vya Uganda. Kaskazini mwa Yimbo, wavuvi wanaozungumza Dholuo na wale wa Bunyala hukutana majini, na mara nyingi lugha inayowaunganisha hapo ni Kiswahili. Mjini Bondo wapo polisi, wauguzi, walimu na wafanyabiashara waliotoka kaunti nyingine. Wapo pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Wengi wa watu hawa hukodi nyumba na kulipa maji na taka kama wenyeji.

Kiingereza ni lugha ya karatasi zinazotoka nje ya kikundi: barua kwa kaunti, fomu ya benki, ombi la ufadhili, leseni. Ndani ya kikundi hakina kazi kubwa, ingawa mara nyingi ndicho huandikwa kwanza kwa sababu katibu alifundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza.

Kuandikia umma kwa zaidi ya lugha moja si jambo jipya kwa watu wa huku. Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa uongozi wa Jaramogi Oginga Odinga, iliendesha kiwanda cha uchapaji kilichoitwa Ramogi Press. Kazi yake haikuishia kwenye Dholuo: kilichapa pia magazeti ya jamii nyingine wakati wa ukoloni. Waliokiendesha walijua kwamba msomaji hufuatwa alipo.

Lugha ya kusikia na lugha ya kusoma

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Mtu huzungumza Dholuo tangu kuzaliwa, kisha akipewa karatasi ya Dholuo husoma polepole, hurudia mstari, halafu huomba ile ya Kiswahili. Hilo si kuikana lugha yake.

Sababu ya kwanza ni shule. Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, lugha ya eneo ndiyo inayotarajiwa kufundishia miaka mitatu ya kwanza ya msingi, halafu Kiingereza hushika usukani huku Kiswahili kikiendelea kama somo. Kwa hiyo watu wengi waliacha kusoma Dholuo darasani wakiwa wadogo sana. Sababu ya pili iko katika maandishi yenyewe. Dholuo ina irabu tisa lakini huandikwa kwa herufi tano, na kidatu cha sauti, ambacho hubadilisha maana, hakiandikwi kabisa. Msomaji hulazimika kupata maana kutokana na sentensi nzima. Aliyezoea hufanya hivyo bila kuhisi, lakini asiyezoea hukwama.

Wapo waliozoea. Waumini wanaosoma Biblia ya Dholuo na kitabu cha nyimbo kila wiki husoma lugha hiyo vizuri sana, na wengi wao ni akina mama wa makamo na wazee, yaani wale wale ambao vijana hudhani hawasomi. Kwa hiyo haifai kukisia. Ni kupima.

Tofauti hii kati ya kusikia na kusoma ina tokeo moja kubwa: Dholuo inaweza kuondolewa ubaoni na ikabaki kikundini kwa nguvu zaidi kuliko awali, ikiwa imehamia kwenye sauti. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiozidi dakika moja, kipaza sauti ufuoni wakati wa mnada, tangazo baada ya ibada, au kipindi cha redio ya Dholuo kama Radio Lake Victoria au Radio Ramogi huwafikia watu ambao karatasi haiwafikii. Mwenye kabambe, simu ya kawaida ya vitufe, hapati ujumbe wa sauti wa WhatsApp, lakini redio na kipaza sauti anavisikia.

Hatari ya nakala iliyosahauliwa

Nakala ya zamani ni mbaya kuliko kukosa nakala. Mfano ulio wazi ni kufungwa kwa uvuvi wa omena. Kwa kawaida uvuvi huo hufungwa upande wa Kenya kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, ili omena wazaane. Ubao wa ufuo ukiwa na karatasi mpya ya Kiswahili yenye tarehe sahihi, na pembeni yake karatasi ya Dholuo ya mwaka uliopita inayotaja tarehe nyingine, ada ya zamani na jina la ofisa aliyekwisha kuhamishwa, msomaji wa Dholuo hataamini kwamba amepitwa na wakati. Ataamini karatasi yake. Akiingia majini na taa zake siku isiyoruhusiwa, atakayenyang'anywa nyavu ni yeye, si katibu aliyesahau kubandua.

Kutokana na hilo hutoka kanuni inayopaswa kushikwa kuliko zote katika mwongozo huu: lugha isiyo na mtu wa kuihuisha iondolewe leo, hata kama inapendwa, na irudishwe siku mtu huyo atakapopatikana.

Hatua za kufikia uamuzi

1. Kukusanya matangazo ya miezi sita iliyopita. Yote huwekwa mezani: ya ubaoni, ya simu na ya mdomo yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Kwa kila moja huandikwa lilitoka kwa lugha zipi, na nakala zote zilitoka siku moja au la. Mara nyingi hatua hii peke yake huonyesha kwamba sera ya lugha tatu ilikwisha kufa kimyakimya, na kilichobaki ni mazoea.

2. Kuyagawa kwa uzito. Mafungu matatu hutosha.
   - *Uhai na riziki:* onyo la upepo na mawimbi kutoka Idara ya Hali ya Hewa, kufungwa na kufunguliwa kwa uvuvi, mlipuko wa kipindupindu, maji yasiyofaa kunywa.
   - *Pesa na haki:* michango, mikopo, faini, uchaguzi wa viongozi, kanuni ndogo za kikundi, kugawana ardhi au nafasi za kuanikia.
   - *Habari za kawaida:* shukrani, picha, mechi, wageni waliotembelea.

3. Kupima wasomaji. Huchaguliwa tangazo moja la kweli la fungu la pili. Mtu hupewa asome, au asomewe, kisha huulizwa maswali manne: nini kifanyike, lini, wapi, na kwa pesa ngapi? Kuuliza "umeelewa?" hakusaidii, maana kwa adabu kila mtu hujibu ndiyo. Wapimwe wenye boti, mabaharia wao, wachuuzi wa omena, wenye maduka na wapangaji, wanawake kwa wanaume, na wazee wasiachwe nyuma. Majibu huandikwa kwa lugha na kwa njia, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kushindwa Dholuo ya karatasi na kupata yote manne kwa Dholuo ya sauti.

4. Kuhesabu gharama ya kweli. Gharama si kutafsiri peke yake. Kila nakala ina mwandishi, mhakiki, mbandikaji, na mtu wa kuirekebisha mambo yakibadilika. Kikundi chenye matangazo manne kwa mwezi kwa lugha tatu kina nakala kumi na mbili za kuandika na kumi na mbili za kuhakiki. Tarehe ya mkutano ikiahirishwa mara moja, kazi ya tangazo hilo huanza upya katika lugha zote.

5. Kutaja majina. Kwa kila lugha inayobaki huandikwa jina la mwenye dhamana na la msaidizi wake. Nafasi ya msaidizi ikikosa jina, lugha hiyo ina maisha mafupi, na ni heri kulijua hilo mapema.

6. Kuchagua nakala mama. Nakala zikipingana, moja lazima ishinde. Kwa vikundi vingi vya ufuoni Kiswahili kinafaa zaidi kuwa nakala mama: mwenyeji anakisoma, mgeni anakisoma, na ofisa wa serikali anakisoma. Kila nakala ya lugha nyingine huwa na mstari mmoja chini unaosema hivyo.

7. Kupitisha uamuzi mkutanoni. Kwa kamati za usimamizi wa fuo, zilizowekwa na kanuni za mwaka 2007, mkutano wa wanachama wote ndio wenye neno la mwisho, na jambo linalogusa haki ya mtu kupata habari halifai kuamuliwa na watu watatu wa ofisi. Uamuzi uelezwe kwa Dholuo na kwa Kiswahili kabla ya kupigiwa kura.

Matokeo yanayofaa sehemu nyingi za Bondo ni haya. Fungu la kwanza hutoka kwa lugha zote zinazosikika ufuoni, kwa maandishi na kwa sauti, bila kujali gharama. Fungu la pili huandikwa kwa Kiswahili na kuelezwa kwa Dholuo ana kwa ana, na Kiingereza huongezwa pale karatasi inapokwenda benki au kaunti. Fungu la tatu hutoka kwa lugha yoyote iliyo mdomoni mwa mwandishi, na hakuna anayedhulumiwa.

Haya si lazima kila mahali. Ufuo ambao wachuuzi wake wengi walipata majibu yote manne kwa Dholuo ya karatasi una kila sababu ya kubaki na Dholuo ubaoni, na katibu asiyependa kazi hiyo hana haki ya kuiondoa kwa uchovu wake.

> Sheria inasemaje
>
> Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitaka Serikali ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya na kuendeleza lugha za wenyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari.
>
> Wajibu wa Kifungu cha 7 uko kwa Serikali. Kikundi kidogo hakilazimishwi kuandika kwa lugha tatu, lakini kina haki ya kuidai Serikali itimize wajibu huo.
>
> Dai lenye nguvu liko kwenye miradi. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 ziliweka sharti kwamba mradi unaofanyiwa utafiti kamili utangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo, na ifanywe angalau mikutano mitatu ya hadhara. Pale vizimba vya samaki vinapotaka kuwekwa ziwani au shamba kubwa linapotakiwa kwenye kinamasi cha Yala, kikundi kinaweza kuuliza: tangazo la Dholuo lilitoka siku gani, redio gani?

Makosa yanayorudiwa

*Saa.* Hili ndilo linalowakosesha watu mikutano. Kiswahili na Dholuo huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na Kiingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mkutano wa "8 a.m." ni wa saa mbili asubuhi. Mtafsiri mwenye haraka huiacha nane ikabaki nane, na wasomaji wa Kiswahili wakafika saa nane mchana, mkutano umekwisha na kura zimehesabiwa. Mhakiki aanze na saa kabla ya kusoma neno jingine lolote.

*Siku.* Kiswahili huanza hesabu ya juma kwa Jumamosi, ilhali Dholuo huhesabu siku za kazi kuanzia Jumatatu. Tich Ariyo, ya pili kwa hesabu ya Dholuo, ni Jumanne, si Jumapili. Tarehe ya mwezi iandikwe kwa tarakimu katika kila nakala, kando ya jina la siku.

*Ujumbe mfupi kukatika.* Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160. Ikiingia herufi moja tu isiyo katika orodha ya kawaida ya simu, nafasi hushuka hadi 70, na ujumbe uliojaa herufi 160 hulipiwa kama mitatu. Mkosaji mkubwa ni alama ya juu iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe katika maneno yenye ng', nayo ng' imejaa katika Dholuo na ipo katika Kiswahili. Dawa ni kuandika ujumbe kwenye simu yenyewe kwa alama iliyonyooka, na kuacha vikaragosi.

*Kuitegemea mashine.* Mwezi Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye huduma yake ya tafsiri, Dholuo ikiwamo. Huduma hiyo inafaa kutoa rasimu ya kuanzia. Haijui majina ya fuo wala vyeo vya kamati, na makosa yake huja yamevaa sentensi safi, jambo linalofanya yasionekane. Tangazo la fungu la kwanza au la pili lisitoke kwa mashine bila kusomwa kwa sauti na mzungumzaji mtu mzima.

*Kutafsiri kisichohitaji kutafsiriwa.* Omena, mbuta na ngege hujulikana kwa majina hayo ufuo mzima, na mvuvi wa Bunyala au wa Uganda huyazoea upesi. Kamati isipoteze saa nzima ikibishana juu ya jina la samaki wakati tarehe ya kufungua haijahakikiwa.

*Kuchanganya kwenye karatasi moja.* Aya ya Kiswahili, sentensi ya Kiingereza, kisha maneno ya Dholuo: hotuba ya mdomo huweza kwenda hivyo na watu wakafuata, lakini karatasi ya namna hiyo humtaka msomaji ajue lugha zote tatu. Ni kuongeza masharti, si kuongeza wasomaji.

Kuiondoa lugha bila kuwaacha watu

Pale mkutano umeamua kuondoa lugha moja kwenye maandishi, mpangilio ufuatao huzuia manung'uniko.

1. Kutangaza kwa lugha ile ile inayoondolewa, mwezi mmoja kabla, habari zitapatikana wapi kuanzia siku hiyo.
2. Kubandua nakala zote za zamani za lugha hiyo siku ya mabadiliko. Hakuna inayobaki hata kona ya ubao.
3. Kumtaja mtu wa kuulizwa, ajulikane kwa sura ufuoni au sokoni, na saa anazopatikana.
4. Kuanzisha njia ya sauti kabla ya kuondoa karatasi, si baada yake.
5. Kuhifadhi nakala za kale kwenye faili, kwa kuwa maneno yaliyokwisha kupatikana kwa kazi nyingi yatahitajika lugha hiyo ikirudi.

Orodha ya kukagua kabla ya tangazo kutoka

☐ Fungu limejulikana: uhai, pesa na haki, au kawaida
☐ Nakala mama imeandikwa kwanza
☐ Saa imegeuzwa kwa usahihi katika kila lugha
☐ Tarehe, pesa na namba za simu ni sawa katika nakala zote
☐ Mzungumzaji wa kila lugha ameisoma nakala yake kwa sauti
☐ Nakala zote zinatoka siku moja
☐ Tarehe ya kubandua imeandikwa chini ya karatasi
☐ Tangazo la fungu la kwanza limesemwa pia kwa mdomo

Uamuzi wa lugha hukaguliwa mara moja kwa mwaka, kwa kuwa wanachama huhama na wasomaji hubadilika. Kwa vikundi vya ufuoni mwezi unaofaa ni Machi, kabla omena hawajafungwa: wenye boti wapo, mabaharia wapo, wachuuzi wapo, na tangazo la kufungwa lenyewe ndilo kipimo cha kwanza cha uamuzi huo.